Naomba ushauri: niwajibu vipi majirani kuhusu chanjo ya puani?

Ndugu wanachama, mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Bombo. Tangu habari za chanjo moja ya puani, inayofanyiwa utafiti na Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ziwafikie majirani kwa simu, naulizwa maswali yanayonizidi. Mama mmoja, ambaye mwanawe hubanwa na kifua kila mvua zinapoanza, ameniomba nimwandikishe mapema. Mzee mmoja naye anaamini kuwa dawa ya puani hupanda moja kwa moja hadi kwenye ubongo.

Ninachofahamu ni kwamba matokeo yaliyotangazwa ni ya panya, ambao mapafu yao yalikingwa kwa miezi kadhaa dhidi ya virusi na bakteria mbalimbali, na kwamba chanjo nyingine ya kupuliziwa puani, ile ya mafua, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003.

Je, nimweleze vipi yule mama bila kumvunja moyo, na hasa bila kumfanya aahirishe chanjo ya nimonia ambayo watoto wachanga hupewa bure katika vituo vyetu? Kwa mzee, je, inafaa niende na muuguzi, au nianze na imamu wake?