Proof General ndani ya Emacs: Require inagoma, na lema mpya haionekani

mwanamantiki:
Habari wakuu. Natumia Emacs (kihariri cha maandishi) na kiongezo chake cha Proof General kuandika uthibitisho kwa Coq, programu inayokagua uthibitisho wa kihisabati. Mradi una folda `theories` yenye faili mbili, `Msingi.v` na `Orodha.v`. Hiyo ya pili inaiita ya kwanza kwa kuanza na `From Mradi Require Import Msingi.` Kwenye terminali, `coqc -Q theories Mradi theories/Orodha.v` inapita bila neno. Nikifungua faili hiyohiyo kwenye Emacs na kubonyeza C-c C-n (Ctrl-c kisha Ctrl-n, kupeleka sentensi inayofuata), inakwama mstari wa kwanza:

`Cannot find a physical path bound to logical path Msingi with prefix Mradi.`

Nikiweka `Add LoadPath` (amri ya kuionyesha Coq folda) juu ya faili, Require inapita. Ila lema (hoja ndogo ya kuthibitishwa) mpya niliyoongeza kwenye `Msingi.v`, kwa jina `jumla_sifuri`, najibiwa `The reference jumla_sifuri was not found in the current environment.` Na faili nimeihifadhi. Tatizo ni Emacs au ni Coq?

fundi_hoja:
Mkuu, ni mawasiliano kati ya hizo mbili. Emacs haijui lolote kuhusu uthibitisho. Proof General inawasha `coqtop`, yaani Coq yenyewe, pembeni, inaipelekea sentensi mojamoja, kisha inapaka rangi kile kilichokubaliwa. Kwa hiyo kila kosa la namna hii jiulize: ile `coqtop` iliwashwa na maelezo gani, na inasoma faili gani kwenye diski?

Kosa la kwanza: kwenye terminali uliipa Coq `-Q theories Mradi`, yaani folda `theories` ijulikane kwa jina Mradi, kwenye Emacs hakuna aliyeipa. Futa hiyo `Add LoadPath`. Tengeneza faili iitwayo `_CoqProject` kwenye folda mama ya mradi, ile inayobeba `theories`, na ndani yake uandike:

```
-Q theories Mradi
theories/Msingi.v
theories/Orodha.v
```

Proof General huitafuta faili hiyo kwa kupanda folda kwa folda kuanzia ilipo `.v` yako. Jina liandikwe hivyohivyo, herufi kubwa na ndogo zikae mahali pake. Na yaliyomo huifikia `coqtop` wakati inapowashwa tu. Ukiibadilisha katikati ya kazi hakuna kitakachotokea mpaka uue mchakato kwa C-c C-x, kisha uanze tena na C-c C-n. Wengi hukwama hapa: faili iko sawa kabisa, ila `coqtop` inayoendelea ni ile ya zamani.

Kosa la pili: `Require` haisomi `Msingi.v`. Inasoma `Msingi.vo`, yaani matokeo ya kukompaili. Kuhifadhi `.v` hakugusi `.vo`, hivyo Coq inaona Msingi kama ilivyokuwa mara ya mwisho ulipoikompaili. Ukiwa folda mama:

```
coqc -Q theories Mradi theories/Msingi.v
```

halafu C-c C-x kwenye Emacs, na uanze upya.

(Kuanzia toleo 9.0 la mwaka 2025 Coq inaitwa Rocq na amri ni `rocq compile`, lakini `coqc` bado imewekwa kwa ajili ya miradi ya zamani.)

mwanamantiki:
Asante sana, zote mbili zimekubali. Sasa nina faili ya tatu inayoita Orodha na Msingi kwa pamoja, nayo inaniambia `Compiled library Mradi.Orodha makes inconsistent assumptions over library Mradi.Msingi`. Hapo je?

bi_thibitisho:
Hiyo ni hali ileile, hatua moja mbele. `Orodha.vo` ilikompailiwa juu ya `Msingi.vo` ya zamani. Sasa Msingi ni mpya, na Coq inakataa kuchanganya vizazi viwili. Inafanya vyema kukataa: uthibitisho uliosimama juu ya maana iliyokwisha kubadilika haufai kuaminiwa. Kompaili Orodha tena, kwa mpangilio wa nani anamtegemea nani.

Kufanya hivyo kwa mkono kunachosha zikifika faili tano. Weka hii kwenye faili ya mipangilio ya Emacs:

```
(setq coq-compile-before-require t)
```

Au kwenye menyu: Coq, Auto Compilation, Compile Before Require. Kuanzia hapo kila ukipita kwenye `Require`, Proof General inakagua nini kimepitwa na wakati na kukikompaili kwanza. Inategemea `_CoqProject` ileile, kwa hiyo kama njia ya folda imekosewa humo, nayo haitafanya kazi.

Jingine: bafa (faili iliyofunguliwa ndani ya Emacs) inayothibitishwa kwa wakati mmoja ni moja tu. Ukiwa katikati ya Orodha ukahamia Msingi na kubonyeza C-c C-n, utaulizwa kama Orodha irudishwe nyuma yote au imaliziwe. Kama unakwenda kubadilisha Msingi, chagua kurudisha.

fundi_hoja:
Naafikiana, ila mradi ukikua mimi napendelea `make`, programu inayokompaili faili zote kwa mpangilio wake. `coq_makefile -f _CoqProject -o Makefile` mara moja, kisha `make -j4` kwenye terminali. Makosa ya faili za chini unayaona yote mahali pamoja, na Emacs inabaki kwa faili unayoiandika tu. Na anayekompaili kwa `-vos` ili aende haraka akumbuke kuwa uthibitisho unaoishia na `Qed` unarukwa, hivyo faili inaweza kupita huku uthibitisho wenyewe umevunjika. Kabla ya kumkabidhi mtu kazi, kompaili kamili.

hatua_kwa_hatua:
Niongezee upande wa kutembea ndani ya uthibitisho wenyewe. Chukua lema yako:

```
Lemma jumla_sifuri : forall n, n + 0 = n.
Proof.
  induction n.
  - reflexivity.
  - simpl. rewrite IHn. reflexivity.
Qed.
```

Bonyeza C-c C-n huku macho yako kwenye dirisha la `*goals*`. Baada ya `induction n.` yanakuwa malengo mawili. Kistari cha kwanza kinakufungia la kwanza, `0 + 0 = 0`. Kwenye cha pili, `simpl` inageuza `S n + 0 = S n` kuwa `S (n + 0) = S n`, na hapo ndipo `n + 0` inajitokeza ili `IHn` (dhana ya induksheni, `n + 0 = n`) ipate pa kushika. Ukisahau kistari cha pili utaambiwa `This subproof is complete, but there are some unfocused goals.` Hujakosea hesabu, andika tu kistari.

Usirudi nyuma kwa C-c C-u mara kumi. Weka kielekezi unapotaka na ubonyeze C-c C-RET. Inaenda mbele au inarudi, kutegemea ulipo.

Eneo la samawati limeshakubaliwa, la waridi bado linachakatwa. Waridi isipoondoka, bonyeza C-c C-c kukatiza. Mfano wa kawaida ni `repeat rewrite Nat.add_comm`: inageuza `a + b` kuwa `b + a`, kisha inageuza tena, bila kikomo. Taja unachotaka kigeuzwe, `rewrite (Nat.add_comm a b)`, mara moja. Madirisha yakivurugika, C-c C-l huyapanga upya.

njia_panda:
Kwa atakayefika hapa akiwa na kosa la `Searching for program: No such file or directory, coqtop`: Emacs iliyofunguliwa kwa kubofya ikoni mara nyingi haipati `PATH` (orodha ya folda zenye programu) ya terminali, hasa kwenye Mac, na opam, kisimamizi cha vifurushi, huweka Coq kwenye folda yake yenyewe. Bonyeza M-: (Alt pamoja na nukta pacha) uandike `(executable-find "coqtop")`. Ikirudisha `nil`, ndilo hilo. Weka kifurushi cha `exec-path-from-shell`, au fungua terminali, piga `eval $(opam env)`, na uanzishe Emacs kutoka humohumo.

Wanaotumia Vim, kihariri kingine, wana kiongezo cha Coqtail: `:CoqStart`, kisha `\cj` mbele, `\ck` nyuma, `\cl` mpaka kwenye kielekezi, kama hujabadilisha kitufe cha leader. Nayo inasoma `_CoqProject`, kwa hiyo ya Require hapo juu yanaihusu vilevile.