Baba yupo hai ila hataki kunisomesha, mkopo nitapata kweli?

Binti Makorora
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Niko Tanga hapa Makorora, nimemaliza form six CBG nina divisheni two, nataka ualimu wa sayansi chuo cha serikali. Shida ni hela. Mama anauza vitumbua asubuhi na uono jioni ndo tunakula watoto wanne, baba yupo, ameajiriwa serikalini mkoa mwingine, waliachana nikiwa darasa la tatu na ana familia yake huko. Matokeo yalipotoka nikampigia akanipa hongera, nilipogusia ada akasema tutaongea, tangu siku hiyo simu inaita tu mpaka inakata.

Sasa juzi nimeenda steshenari kujaza fomu ya mkopo wa chuo, ule wa Bodi ya Mikopo ya serikali, yule dada anayejaza akafika kwenye taarifa za wazazi akaniuliza baba yupo hai? Nikakaa kimya, foleni nyuma yangu inasubiri na yeye kidole kiko kwenye kibodi ananiangalia. Mjomba alishaniambia niandike amefariki, kuna mtu wake anatengeneza cheti cha kifo kwa 50,000 na yatima wanapewa mkopo haraka. Nikamwambia dada naomba tuishie hapo nitarudi, nikampa 2,000 yake nikaondoka. Nikiandika ukweli naogopa wataona baba ana mshahara wataninyima, na huo uongo kwanza siuwezi, mtu yuko hai unamwandikiaje kifo na ni baba yako. Mama hajawahi kushika hata 300,000 kwa mkupuo. Nishaurini jamani.

Mzee wa Chumbageni
Marahaba mwanangu. Hicho cheti usikiguse kabisa na mjomba mwambie hivyo kwa heshima. Bodi haiangalii karatasi kwa macho, cheti cha kuzaliwa na cha kifo vyote vinapitia uhakiki wa RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, kwanza, sasa cha mtu aliye hai kitahakikiwa na nani? Ukikamatwa hiyo ni kughushi, tena kwa mtu anayetaka kwenda kufundisha watoto wa watu. Andika baba yupo.

Bumu la Pili
Dada mi niko mwaka wa tatu na nilikuwa hivyo hivyo, mama peke yake, baba yupo mjini na gari. Niliandika ukweli wote. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa anayewajua kabisa, siyo unapeleka karatasi anagonga muhuri unaondoka, mweleze mama ndo analea na akuandikie barua hivyo, halafu ofisi ya ustawi wa jamii nao waone. Kama nyumba yenu iko TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, usisahau kuijaza hiyo maana kaya zile wanaziangalia kwanza. Fomu ukishaprinti inasainiwa na serikali ya mtaa, mdhamini, na wakili au hakimu, ndo unaipandisha tena mtandaoni, na saini ikikosekana moja tu fomu inahesabika haijakamilika, hapo ndo wengi wanalia wakati hela walikuwa wanastahili kabisa.

Awamu ya kwanza mi nilikosa. Dirisha la rufaa lilipofunguliwa nikakata na zile barua, nikapata hela ya chakula na malazi yote na ada nusu. Nusu nyingine nikaandika barua chuoni kuomba kulipa kwa awamu wakanikubalia.

Pongwe Kwetu
Mi naona asubiri mwaka mmoja afanye kazi akusanye. Deni la Bodi siyo mchezo, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara.

Bumu la Pili
Kaka Pongwe sikubaliani, kazi gani hapa Tanga form six atafanya mwaka mmoja apate ada na chakula cha miaka mitatu? Hiyo 15 unakatwa ukiwa na mshahara, na zile tozo za kulinda thamani zilizokuwa zinavimbisha deni zilifutwa 2021. Asipopata mkopo kabisa hapo sawa asubiri, lakini aombe kwanza.

Mama Sahare
Mwanangu pole, nimesoma hapo pa foleni nikalia. Stashahada usiidharau, Bodi tangu 2023 inakopesha hata ngazi hiyo kwa baadhi ya kozi, ualimu wa sayansi na afya zimo, binti yangu yuko huko. Chuo Kikuu Huria pia kina kituo hapa Tanga, unalipa kwa masomo unayochukua ukiwa unalala kwa mama, japo kunataka mtu anayejituma mwenyewe.

Lakini kitu ambacho hakuna anayewaambia watoto, hela ya mkopo haikusubiri getini. Unafika, unasajiliwa, akaunti, kusaini, wiki tatu nne zinakatika hujaona kitu, na huku unatakiwa godoro, ndoo, nauli na kula. Binti yangu wiki ya pili alikuwa anakunywa chai kavu na hakuniambia. Mama yako kama yuko kwenye mchezo wa wanawake, ule wa kuchanga na kupeana hela kwa zamu, aombe zamu yake iangukie mwezi wa kumi, hapo ndo pana kazi.

Bumu la Pili
Mama umesema kweli tupu. Mi nilienda na uono ndoo ya lita 20, mama aliukausha vizuri, nikawa napima kwa kikombe naenda mlango kwa mlango hosteli, watu wa bara wanaupenda kupita maelezo. Uliisha kabla bumu, yaani hela ya mkopo ya chakula na malazi, halijatoka na ndo nilikula. Bumu lenyewe ni 10,000 kwa siku zinakuja za siku 60 kwa pamoja, kwa hiyo 600,000 inaonekana nyingi siku ya kwanza, we toa ya ada yako kabla hujanunua hata soksi.

Binti Makorora
Asanteni sana jamani, mama nimemsomea zote leo ameacha kukaanga akasikiliza. Mchezo wao wako 12 na zamu yake ilikuwa mwezi wa tatu, anaenda kuomba abadilishane na jirani. Mjomba amenuna ila kanyamaza. Swali, namba ya simu ya baba niiweke? Na nikimwambia naomba mkopo si atakasirika?

Mzee wa Chumbageni
Weka, ni ya kweli. Na mtumie meseji ya adabu, mwambie baba naomba mkopo, taarifa zako nimejaza kama zilivyo, nikikosa nitakuomba tena. Asipojibu umeshamwambia. Kwa mwenyekiti nenda asubuhi mapema, na nenda na mama.

Binti Makorora
Sawa babu. Kesho tunaenda akishauza vitumbua, saa tatu.