Mgeni alipe bei yake au bei iwe moja? Tuongee kwa hesabu

Mtoa mada
Wakuu, mada hii huzuka kila msimu wa wageni ukifunguka, na kila mara huishia kwenye kelele: huku "wazungu wana hela", kule "tunajiaibisha". Safari hii naomba hesabu. Mtu asiye raia akija Tanzania au Kenya, ni haki kumtoza tofauti na mwenyeji? Nazungumzia bei zote: geti la hifadhi, boti ya Zanzibar, teksi, dafu, kilo ya embe.

Msimamo wangu nauweka mezani. Bei iliyoandikwa ikatangazwa, hata iwe mara kumi ya mwenyeji, naitetea. Bei inayotungwa mgeni akishatokea, siitetei. Serengeti msimu wa juu, mtu mzima wa nje ya Afrika Mashariki hulipa dola 70 kwa siku. Ongeza VAT ya asilimia 18, inakuwa 82.60. Raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 11,800, VAT ikiwemo. Tuchukue dola moja ni shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi: mgeni katoa 206,500, zaidi ya mara 17. Lakini aliijua bei hiyo angali kwao. Muuza madafu anayepandisha kutoka 1,500 hadi 5,000 kwa kuangalia rangi ya ngozi, bei yake imeandikwa wapi?

Dereva_wa_Naabi
Mkuu umeanza na mfano mzuri ila umeufupisha mno. Dola 82.60 si gharama ya Serengeti. Wengi hupanga bajeti kwa tozo hiyo moja, kisha wanalalamika kwamba wameibiwa.

Anayetoka Karatu kwenda Serengeti anapita ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Hata asiposimama kupiga picha, geti la Loduare atalipa dola 70.80 (60 na VAT). Akirudi njia ileile, 70.80 nyingine. Usiku mbili Serengeti ni kiingilio mara mbili, 165.20. Kulala kambi ya umma na hema lake, 35.40 kwa usiku, yaani 70.80. Jumla ya kichwa kimoja: 377.60. Hapo hujagusa gari, mafuta, mpishi wala chakula. Akitaka kushuka kreta, kuna 295 kwa gari kwa kila mshuko. Wakiwa sita ndani ya gari ni kama 49 kila mmoja; wakiwa wawili ni 147.50. Ndiyo maana safari ya watu wawili inaonekana ghali kupita kiasi, na wala si tamaa ya kampuni.

Halafu kuna kosa la saa. Kibali cha Serengeti ni cha saa 24, zinahesabiwa tangu ulipogongewa muhuri getini. Ukiingia geti la Naabi saa 2 asubuhi kwa usiku mbili, siku ya tatu saa 2 asubuhi uwe umetoka. Nani anatoka saa 2 bila kutafuta simba asubuhi? Unafika getini saa 5, unadaiwa siku nyingine, 82.60 kwa kila abiria. Anayejua kazi hula chakula cha mchana Naabi kabla ya kugongesha, anaingia saa 7, na siku ya kutoka anabaki na asubuhi nzima. Pesa taslimu getini sahau: kadi, au kontroli namba (namba ya malipo ya serikali) iliyolipwa mapema.

Kwa hiyo mimi niko upande wa bei mbili, kwa sababu zinaandikwa na zinajulikana. Hesabu tu ifanywe yote.

Chai_Maharage
Hifadhi hazina ubishi mkubwa. Ubishi uko Unguja, ambako tozo iliyoandikwa na bei ya kutunga zinakaa meza moja.

Kabla mgeni hajala hata sambusa: viza ya kawaida dola 50 (Mmarekani 100), bima ya lazima ya Shirika la Bima Zanzibar dola 44, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024, na boti kutoka Dar dola 35 kwenda, 35 kurudi, daraja la kawaida. Jumla 164, Mmarekani 214. Mwenyeji akionyesha kitambulisho hulipa boti kwa shilingi, chini ya nusu ya hiyo. Angalizo kwa wageni: bima unayokuja nayo kutoka kwenu haiondoi hii ya 44. Ilipeni mtandaoni kabla ya safari, maana kuilipia uwanjani na intaneti inayokatika ni foleni ya bure.

Haya yote yameandikwa. Sasa toka nje ya uwanja. Teksi mpaka Nungwi utatajiwa dola 40, 50, hata zaidi. Daladala nambari 505 inakupeleka mjini, Darajani unapanda 116 mpaka Nungwi kwenyewe. Jambiani ni 309. Nauli zote mbili haziwezi kumaliza noti ya 10,000 hata ukilipia begi. Ila tusidanganye watu: daladala inajaa, begi kubwa linapanda juu ya paa, na jua likishazama gari za shamba zinapotea. Ndege yako ikitua saa 2 usiku, 116 haikuhusu.

Teksi ya dola 40 si wizi kwa hiyo. Dereva anarudi mtupu kilomita kama 60. Wizi ni pale ambapo papasi, yule dalali wa kuwinda watalii, kamdaka mgeni nje ya mlango, kamfikisha kwenye teksi iliyoegeshwa hatua thelathini mbele, na ujira wake ukaongezwa kwenye nauli. Dukani vilevile. Kanga au kinyago kimepanda bei kwa sababu aliyekuleta anasubiri nje apewe chake. Ukiingia peke yako siku ya pili, bei ni nyingine.

Mwarobaini
Nyote mnazungumza kana kwamba bei ya sokoni ina mwenyewe. Nendeni Kariakoo. Mtu aliyeshuka basi la Shinyanga asubuhi hii, lafudhi inamsema, atatajiwa kitenge 25,000 ambacho jirani wa Gerezani anachukua 15,000. Naye tumwite mgeni? Kupatana bei ni elimu ya soko. Asiyeijua analipa ada ya shule.

Tena mnaowatetea wageni, mbona kitu chenye bei moja mnakipita? Daladala Dar ni 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, imepangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, tangu Desemba 2023, konda hamuulizi mtu pasi. Pantoni ya Kigamboni 200. Treni ya SGR Dar hadi Dodoma, daraja la kawaida, 31,000 kwa kila mtu. Anayetaka kuishi kwa bei ya mwenyeji, njia iko wazi: apande ninachopanda, ale ninapokula. Wali maharage kwa mama ntilie hauna bei ya dola. Kinachomgharimu ni kutaka feni isiyokatika, maji ya moto na menyu kwa lugha yake, ambavyo hata mwenyeji akivitaka atavilipia.

Chai_Maharage
Mwarobaini, wa Shinyanga ana njia ya kutoka: anampigia shangazi yake Mbagala, anaambiwa "hicho kitenge usizidishe 15". Mgeni atampigia nani? Soko la kupatana linafanya kazi pande zote mbili zikiwa na habari. Upande mmoja ukiwa gizani, hayo si mapatano.

Mwanasheria_wa_Baraza
Niweke sawa jambo moja ambalo watu hulichanganya. Makundi ni matatu, si mawili: raia wa Afrika Mashariki, mkaazi mwenye kibali, na asiye mkaazi. Mjerumani anayefundisha Moshi kwa kibali cha ukaazi si mtalii, na kwenye hifadhi ana kiwango chake, nusu ya kile cha mtalii. Kosa lake la kawaida ni kwenda na nakala ya kibali kwenye simu, au kibali kilichokwisha muda. Getini wanataka kitu halisi kilicho hai. Usipokuwa nacho unalipa kama uliyeshuka ndege jana.

Pili, hoja ya "Ulaya hawafanyi hivi" imechakaa. Ni kweli ndani ya Umoja wa Ulaya sheria inazuia kumbagua mteja kwa uraia au makazi bila sababu ya msingi. Lakini Louvre tangu Januari 2026 inamtoza anayetoka nje ya eneo la kiuchumi la Ulaya euro 32, wakati wa ndani analipa 22. India nako, Taj Mahal ni rupia 50 kwa Mhindi na 1,100 kwa mgeni. Sababu inayotolewa kila mahali ni ileile: mwenyeji ameshachangia kwa kodi. Mimi naikubali kwa hifadhi na makumbusho. Kwa boti ya kampuni binafsi siikubali. Abiria wa Kijapani kachangiwa mafuta na nani?

Mtu_wa_Goma
Ndugu zangu, na sisi mutuweke wapi? Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022. Kwa Itifaki ya Soko la Pamoja, raia wa nchi mwanachama hatakiwi kubaguliwa kwa uraia wake. Rwanda imeandika wazi: kuona gorila, mgeni dola 1,500, raia wa Jumuiya 200. Lakini sokoni Zanzibar, mutu akisikia Kiswahili chetu tu, bei inapanda. Si muzungu, si mwenyeji. Tunabebeshwa bei ya katikati isiyoandikwa popote.

Mwanasheria_wa_Baraza
Ndugu, hapo uko sahihi, na dawa yake ni pasi mkononi na kutamka "raia wa Afrika Mashariki" kabla karani hajaanza kuandika. Risiti ikishatoka kwa kiwango cha mgeni, kuirekebisha ni kazi. Sokoni lakini itifaki haikusaidii kitu.

Kaunta_ya_Pesa
Mnabishania bei na kusahau kiwango cha kubadilishia, ambako pesa nyingi hupotelea kimyakimya.

Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za Machi 2025 zimekataza kutangaza au kudai bei kwa dola ndani ya nchi, mbali na maeneo machache yaliyoruhusiwa kama maduka yasiyotozwa ushuru. Vizuri. Kilichofuata ni ujanja: safari ya boti ya "dola 60" sasa inaandikwa shilingi 168,000. Gawanyeni. Hiyo ni 2,800 kwa dola, wakati kiwango chetu cha mfano hapa ni 2,500. Kwa dola 60 mgeni kaachia 18,000 bila kujua. Mgeni aulize bei kwa shilingi tangu mwanzo na aachane kabisa na dola kichwani.

Noti nazo: mia na hamsini mpya zinapata kiwango cha juu, tano na kumi zinapata cha chini, na za zamani au zilizochanika zinakataliwa. Mashine ya benki mara nyingi hutoa 400,000 kwa mkupuo, na makato ni kwa kila mkupuo, kwa hiyo kutoa 50,000 mara nane ni kujichoma. Kadi hotelini, ulizeni kwanza kama wanaongeza asilimia, tatu hadi tano si ajabu. Na ile mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa sarafu ya kwenu, chagua shilingi. Ukichagua ya kwenu umewaruhusu wakubadilishie kwa kiwango wanachotaka wao.

Mwana_wa_Likoni
Huku kwetu Kenya msijione mko peke yenu. Maasai Mara tangu Julai 2024 ni dola 200 kwa mgeni kuanzia Julai hadi Desemba, na 100 Januari hadi Juni. Tena tikiti si ya saa 24, ni ya saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, na siku ya kuondoka uwe nje kufikia saa 4 asubuhi, la sivyo siku nyingine hiyo. Hapo ndipo wanaozoea Serengeti hunaswa. Lakini treni ya Mombasa hadi Nairobi, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 za Kenya kwa kila mtu, mgeni kwa mwenyeji, na feri ya Likoni anayevuka kwa miguu halipi hata ndururu.

Kwa hivyo bei moja inawezekana palipo na tikiti. Palipo na mdomo haiwezekani. Swali ni moja tu: ni biashara gani tulazimishe iwe na tikiti?

Mtoa mada
Mwana wa Likoni kanielewesha mada yangu mwenyewe. Basi natoa pendekezo: tuanze na teksi za uwanjani Unguja. Bango mlangoni, kwa shilingi, bei kwa gari na si kwa kichwa: mjini, Paje, Jambiani, Kiwengwa, Nungwi. Nyongeza ya usiku iandikwe. Dereva anarudi mtupu, sawa, iingizwe humo humo. Papasi atafute kazi ndani ya chama cha madereva au akae pembeni.

Mwarobaini
Na bango likisema Nungwi 110,000, familia ya Mkokotoni inayompokea mtoto wao kutoka Muscat nayo italipa 110,000? Leo inalipa 50,000 kwa sababu dereva ni jirani. Ukiandika bei moja umempandishia mwenyeji. Ukiandika mbili umerudi kwenye bei ya mzungu, safari hii kwa rangi na mhuri. Nijibuni hilo kwanza.