Maktaba ya utafiti wa sanaa: rafu zifungwe au ziachwe wazi, na makaratasi ya maonyesho yapangwe vipi?

KaratasiNgumu

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa wanaozijua maktaba za sanaa.

Kituo cha sanaa hapa Dar es Salaam kinafungua maktaba yake kwa watafiti kutoka nje. Kuna vitabu kama 3,000, vingi ni vikubwa vya picha na katalogi za maonyesho. Kuna makasha 14 ya mialiko, vipeperushi, orodha za bei na vipande vya magazeti kuanzia miaka ya 1970. Kuna mabango, na slaidi za rangi za milimita 35 (picha ndogo za filamu kwenye fremu) zipatazo 2,000. Chumba cha kusomea kina meza nne, watumishi ni wawili, na Koha, programu ya katalogi ya maktaba, imeshawekwa. Hadi sasa kila mtu anajichukulia rafuni mwenyewe, na baadhi ya vitabu vimekatwa kurasa za picha kwa wembe.

Maswali: rafu zifungwe zote? Makasha ya mialiko yaorodheshwe karatasi moja moja? Na msomaji akitaka kupiga picha kwa simu, mpaka uwe wapi?

Bi_Kabati

Funga rafu, ila si zote. Kamusi za sanaa, historia za jumla, vitabu vya mbinu za uchoraji na uchongaji, na chochote kinachopatikana tena madukani, viache wazi. Wanafunzi wa sanaa hutafuta kwa macho: anavuta kitabu, anafunua picha, anakirudisha. Ukimfungia hivyo, atajaza fomu kumi ili apate kitabu kimoja, na watumishi wako wawili watakesha wakipanda ngazi. Vinavyofungwa ni katalogi za maonyesho, vitabu vyenye picha zisizoshonwa, matoleo ya nakala chache, mabango, slaidi na makasha yote.

Kwa vilivyofungwa, tumia fomu ya ombi yenye nakala tatu. Moja inabaki rafuni ikiwa imebandikwa kwenye kadi ngumu, pale pale kitabu kilipotoka. Ya pili inasafiri ndani ya kitabu, ya tatu inabaki mezani kwa mtumishi. Kadi haitoki rafuni mpaka kitabu kirudi. Jioni, kabla ya kufunga mlango, mtumishi anapita kwenye rafu akitafuta kadi zilizobaki: kila kadi ni kitu ambacho hakijarudi, na jina la aliyekuwa nacho limo. Weka pia saa maalumu za kutoa vitabu, tuseme saa 4, saa 6 na saa 8, ili chumba kisibaki bila mtu kila dakika.

Msomaji apewe vitabu visivyozidi vitano kwa mkupuo, lakini kasha ni moja tu, na kutoka kwenye kasha hilo faili moja tu mezani. Hapo usilegeze kamba. Mafaili mawili yakifunguliwa pamoja, mwaliko wa msanii huyu unaingia kwa yule, na kwa kuwa karatasi zenyewe hazijaorodheshwa moja moja, hakuna rekodi itakayokuambia zimehama. Karatasi iliyopotea namna hiyo ni kama iliyoibiwa, tofauti ni kwamba bado imo ndani ya jengo.

Kuhusu wembe, anza na meza. Meza zikielekea ukutani, mtumishi anaona migongo tu. Zigeuze ili mikono ya kila msomaji ionekane kutoka dawatini. Mabegi, makoti na miavuli vibaki nje kwenye makabati. Mezani ni penseli, karatasi na kompyuta. Kitabu chenye picha zisizoshonwa kihesabiwe mbele ya msomaji wakati wa kumkabidhi, na kihesabiwe tena akiwa bado amesimama pale. Idadi kamili iandikwe kwenye Koha na kwa penseli ndani ya jalada la nyuma, pamoja na upungufu uliokwishajulikana: "picha 24, ya 7 haipo, imekaguliwa Machi 2024". Bila hilo msomaji wa leo atabebeshwa kosa la wa mwaka juzi.

Usigonge muhuri kwenye karatasi ya kung'aa. Wino wa kawaida haunywewi na karatasi ile, unabaki juu, na ukifunga kitabu unahamia kwenye picha inayotazamana nayo. Penseli laini ya 2B, kwenye kona ya nyuma, inatosha.

FundiFaili

Nakubaliana na Bi Kabati. Mimi niingie kwenye makasha, kwa sababu hapo ndipo maktaba ya sanaa inapojitofautisha na maktaba nyingine yoyote. Kitabu cha historia ya sanaa kipo pia Nairobi, London na Washington. Mwaliko wa maonyesho ya siku kumi pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, ukiwa na orodha ya kazi na bei zake, huenda umebaki kwako peke yako. Moto wa 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya mkusanyiko wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi. Mtafiti wa kituo kile leo anategemea karatasi zilizobaki mikononi mwa watu na taasisi nyingine.

Usiorodheshe karatasi moja moja. Hamtamaliza, na mtaishia katikati ya kasha la tatu. Panga kwa msanii: faili moja, jina moja, rekodi moja kwenye Koha. Msanii mwenye karatasi tatu au zaidi apate faili lake. Mwenye pungufu aingie kwenye faili la herufi, na jina lake litajwe kwenye rekodi ya faili hilo. Maonyesho ya kikundi yapangwe kwa ukumbi na mwaka, na majina ya walioshiriki yaingizwe kwenye fildi 700 (fildi ni sehemu za rekodi ya katalogi, kila moja na namba yake) ili mtu akitafuta jina alikute.

Kwenye rekodi ya faili: fildi 100 jina la msanii, 245 "Faili la msanii", 300 idadi ya karatasi kwa makisio, 500 aina zilizomo na miaka ya mwanzo na mwisho, mfano "mialiko, orodha za bei, vipande vya magazeti, 1974–1991". Mtafiti akiona "orodha za bei" na miaka, anajua kama safari ya kuja kwenu inamlipa.

Kazi ngumu ni majina, na ndiyo itangulie. George Lilanga anaandikwa pia George Lilanga di Nyama. Sam Ntiro ni S. J. Ntiro kwenye karatasi moja na Sam Joseph Ntiro kwenye nyingine. Chagua umbo moja, mengine yote yaelekeze huko kwenye faili la majina la Koha. Orodha ya majina ya wasanii ya taasisi ya Getty ipo mtandaoni bure; itazame kwanza, na kwa msanii asiyekuwamo tumia jina analojiandikia mwenyewe kwenye kazi zake.

Jihadhari hasa na Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga ni mtu, aliyefariki 1972. Tingatinga pia ni mtindo wenye wachoraji wengi waliokuja baada yake, na kwenye mialiko hutokea "Tinga Tinga" kwa maneno mawili. Ukifungua faili moja kwa vyote, karatasi chache zinazomhusu mtu mwenyewe zitazama chini ya mamia ya vipeperushi vya mtindo. Fungua mawili tangu siku ya kwanza: jina la mtu kwenye fildi 100 au 600, mtindo kwenye 650.

Katalogi za maonyesho nazo zina tabia yao: jalada linasema hivi, ukurasa wa jina unasema vile, mgongo unasema jina la msanii tu. Ingiza yote kwenye 246. Msomaji hukumbuka alichokiona kwenye jalada. Na ukumbi uliotoa katalogi uingie 710, maana wengi huuliza "mna nini cha Gallery Watatu?", yaani ukumbi wa maonyesho wa Nairobi, na si jina la kitabu.

PwaniUnyevu

Wakuu mmesahau hewa. Dar es Salaam ukiacha madirisha wazi, unyevu unapita asilimia 75 bila shida, na ukungu huanza kuota kwenye majalada ukizidi 65 kwa muda. Nunua kipima unyevu hata viwili vya bei ndogo, kimoja katikati ya chumba na kimoja nyuma ya vitabu kwenye rafu ya ukuta wa nje. Vikitofautiana sana, sogeza rafu: sentimita 10 kutoka ukutani, na rafu ya chini kabisa sentimita 15 kutoka sakafuni.

Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni ni hatari kuliko feni. Mchana vitabu na kuta vinapoa. Usiku hewa ya nje yenye joto na maji inaingia na kugeuka umande juu ya vitu baridi. Kama umeme au bajeti haviruhusu kiwake saa zote, ni afadhali feni na mashine ya kuvuta unyevu.

Jambo la pili, karatasi ya kung'aa. Ile mng'ao ni udongo mweupe uliogandishwa kwa gundi. Ikilowa, gundi inalainika; ikikauka, kurasa zinashikana kuwa tofali, na hakuna wa kuzibandua. Vitabu vya kawaida vikinyeshewa una siku mbili kabla ya ukungu. Vya kung'aa una saa chache, sita hivi. Usivianike wala usivifungue kwa nguvu. Viweke kwenye mifuko ya plastiki vikiwa bado vimelowa, viingie friza. Baadaye utoe kimoja kimoja, na kabla hakijakauka upenyeze karatasi ya kuokea isiyonata kati ya kila kurasa mbili, kisha feni ya taratibu. Kwa hiyo friza moja ya kawaida ni kifaa cha maktaba yenu, pamoja na boksi la mifuko.

Friza hiyo hiyo inaua wadudu. Kitabu kwenye mfuko uliozibwa na kutolewa hewa, wiki mbili kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Kikitoka kikae saa 24 bila kufungua mfuko, ili umande uote nje ya plastiki na si juu ya jalada. Slaidi na picha za kusafisha (zile za kamera ya filamu, zilizochapwa kwenye karatasi ya picha) msiziingize humo. Zawadi yoyote ya vitabu ipite friza kabla ya kuingia rafuni, hata ikitoka kwa mtu msafi kiasi gani. Mchwa ni suala jingine: huyo hutibiwa kwenye jengo, si kwenye kitabu.

KaratasiNgumu

Shukrani sana wakuu. Swali la fomu na makasha nimelipata. Bado slaidi na simu. Wengine hapa wanasema tuskani slaidi zote kisha tuzitupe.

HakiNaPicha

Msitupe hata moja. Fremu ya slaidi mara nyingi ndiyo mahali pekee palipoandikwa jina la kazi, mwaka na mwenye kazi, tena kwa mkono. Piga picha fremu nzima, mbele na nyuma, kabla ya kuskani filamu. Ukiskani kwa nukta 4,000 kwa inchi, slaidi moja inatoa takriban nukta 5,600 kwa 3,700. Ikihifadhiwa kwa TIFF (aina ya faili la picha lisilopunguza ubora) ya biti 8 kwa kila rangi ni kama MB 62. Slaidi 2,000 ni GB 125 hivi, na nakala mbili kwenye diski mbili zinazokaa majengo tofauti. Anza na zilizogeuka nyekundu, rangi zake zinaendelea kufifia hata gizani. Ukisikia harufu ya siki kwenye boksi, litenge leo hii: filamu inaoza na mvuke wake unaharakisha jirani zake.

Simu ruhusu, na kwa kweli ni bora kuliko mashine ya fotokopi, ambayo inavunja mgongo wa kitabu kilichobandikwa kwa gundi. Masharti: hakuna mwanga wa flashi, kitabu kikae kwenye mito kisifunguke zaidi ya kinavyotaka chenyewe, na kila picha iwe na kipande cha karatasi chenye namba ya faili ndani ya fremu. Sharti hilo la mwisho linawasaidia ninyi. Mtafiti akiandika baada ya mwaka kuuliza "ile karatasi ilikuwa wapi", atakutumia picha yenye namba.

Hakimiliki ni kitu tofauti na ruhusa yenu. Sheria ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo. Kazi za Edward Tingatinga mwenyewe zilitoka kwenye ulinzi huo mwisho wa 2022. Za Lilanga, aliyefariki 2005, bado. Na picha iliyopigwa juu ya mchoro inaweza kuwa na haki ya mpiga picha, hata kama mchoro uko huru. Fomu ya msomaji iseme wazi: picha ni za utafiti wake, akitaka kuchapisha, ruhusa anaitafuta kwa msanii au warithi, na maktaba inampa namba ya faili tu. Msiuze ruhusa msiyokuwa nayo.

Bi_Kabati

Naongeza kuhusu glavu, kwa sababu wageni huziomba. Karatasi na vitabu vishikwe kwa mikono iliyonawa na kukauka. Glavu za pamba zinaondoa hisia za vidole na kurasa zinachanika. Glavu za nitraili ziwe kwa slaidi, negativu na picha za kusafisha tu. Weka sinki, sabuni na taulo karibu na mlango, na usiruhusu mafuta ya mikono chumbani.