Naomba ushauri: jozi ya 9 unapotangulia kusema

Wakuu, habari zenu. Ni poka ya Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau. Mimi nimekalia dau kubwa la lazima (tuliite DK) na 9 mbili, ya kopa na ya uru. Mgawaji anaongeza hadi DK 3, nafuata, wengine wametupa. Kila mmoja alianza na DK 100.

Zinafunuliwa mezani karata tatu za wote: 8 ya shupaza, 7 ya shupaza na 3 ya uru. Napita bila kuweka dau, anaweka DK 4 penye DK 6.5 zilizokwisha kuwekwa mezani.

Hapo ndipo kichwa kinauma. Huenda naongoza, lakini kati ya karata 47 nisizoziona, 20 zinaizidi 9 yangu, na shupaza nazo zinanitisha. Nikipandisha hadi 13 hivi, naona nitawafukuza dhaifu ninaowapiga na kubaki na jozi kubwa au wenye kusubiri shupaza zifike tano. Nikifuata tu, ikidondoka bibi naye akaweka dau tena, nafanyaje wakati kila raundi natangulia kusema?

Mnaocheza sana, mnachagua lipi? Tafadhali nipeni na sababu, "inategemea" nimeshaisikia mno.