Mwanangu anamwita fundi jirani "baba". Naombeni ushauri kabla sijachukua hatua

Jiwe Gumu (mtoa mada)
Wakuu habari za usiku. Sina kawaida ya kuanzisha uzi, mimi ni msomaji tu, ila hili limenikaba kooni.

Nina mtoto wa kiume, miezi 16, nyumbani ni Nzuguni hapa Dodoma. Mtoto ana afya, anatembea, maneno anayo machache: mama, maji, nyau, baba. Sasa kuna jirani yetu, fundi wa kuchomelea mageti. Mtoto akimwona tu, "baba! baba!" na mikono anamnyooshea abebwe. Nimeshuhudia kwa macho yangu. Mke wangu anacheka, anasema ni utoto. Mimi sijacheka. Damu si hujuana? Siku anazaliwa nilimbeba, akanishika kidole na kuniangalia kama mtu mzima.

Swali langu ni moja: mtoto wa umri huu anaweza kukosea nani ni baba yake? Naomba majibu ya watu wazima.

Kifuu Tundu
Umechapiwa mkuu. Uzi ufungwe, tukalale.

Mama Wawili
Kaka usimsikilize huyo hapo juu, hana hata mtoto wa kumtuma dukani. Wa kwangu wa pili alipoanza kusema, kila kitu cha mviringo kilikuwa "bibu". Ndiyo zabibu hiyo, maana baba yake analima Hombolo na msimu ukifika nyumba nzima inanukia zabibu. Goroli bibu. Kifungo cha shati bibu. Vidonge vya presha vya mama mkwe, bibu. Siku tuliyomkuta na kifungo mdomoni ndipo kicheko kilipoisha. Sasa vidonge vinakaa juu ya kabati, na mama mkwe amenuna eti namfichia dawa ili afe. Yule mama ana maneno, ipo siku nitamfungulia uzi wake peke yake.

Mnada wa Jumamosi
Wa kwangu kila chenye miguu minne ni "mbe". Mbuzi mbe, punda mbe, hadi stuli ya jikoni mbe. Nilimpeleka mnada wa Msalato Jumamosi, nusura apaliwe kwa furaha. Tukiwa hapo hapo, nani ana bei za beberu wiki hii? Nasikia zimepanda.

Kifuu Tundu
Tofauti ni kwamba stuli haimpi mtu mimba.

Mzee wa Mvumi
Mbukwenyi nyote. Wahenga walishasema kitanda hakizai haramu. Mtoto aliyezaliwa nyumbani kwako ni wako, basi. Sisi tulikua tukiwaita baba wanaume wote wa kaya, na hakuna mzee aliyekesha akiuliza watu asiowajua. Tatizo lenu ni hizi nyumba za kupanga, mlango kwa mlango, na simu mkononi kuanzia asubuhi. Mtoto atamjuaje baba wakati baba mwenyewe ameinamia kioo? Jitafakarini.

Binti Chimwaga
Mtoa mada aliuliza swali, naona watu wanauza mbuzi. Mimi nasoma saikolojia Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wacha nijaribu.

Kuainisha vitu hakungoji mtoto aseme. Mwaka 1993 mtafiti Quinn na wenzake waliwaonyesha watoto wa miezi 3 na 4 picha za paka, mbili mbili, wote tofauti. Kisha wakawawekea picha mbili kwa pamoja, paka mpya na mbwa. Watoto wakamkodolea macho mbwa. Maana yake ni nini? Yule paka mpya hawakuwahi kumwona, lakini tayari kwao alikuwa "wale wale", na mbwa ndiye mgeni. Hakuna aliyewafundisha neno paka. Wanakusanya wenyewe: sura, umbo, kinachotembea na kisichotembea.

Ugumu unakuja maneno yanapoanza. Kichwani kuna makundi mengi na mdomoni kuna maneno manne. Kwa hiyo neno moja linabebeshwa mzigo wa mengi. Rescorla alifuatilia maneno 75 ya kwanza ya watoto, akaandika mwaka 1980 kwamba karibu theluthi ya maneno hayo yalitumika kupita mipaka yake. "Bibu" na "mbe" za hapo juu ni mambo hayo hayo. "Baba" nayo huingia humo, kawaida kabisa.

Jiwe Gumu
Asante dada. Lakini nimesoma sehemu kwamba hata wa miezi 6 anamjua baba yake. Wangu ana 16. Hapo unasemaje?

Binti Chimwaga
Umesoma vizuri. Ni Tincoff na Jusczyk, 1999. Watoto wa miezi 6 waliwekewa video ya mama yao na ya baba yao kwa wakati mmoja. Wakisikia "mama" wanamtazama mama zaidi, wakisikia "baba" wanamtazama baba. Walipowekewa mwanamke na mwanaume wasiowajua, neno halikuwasaidia kuchagua. Kwa hiyo kwa mtoto mdogo neno hilo linaanza kama jina la mtu mmoja, yule anayemwona na kusikia akiitwa hivyo kila siku.

Ndiyo maana nakuuliza, kaka: huyo fundi mtaani mnamwitaje? Na je, kuna mtu mwingine mtoto amemwita baba?

Jiwe Gumu
Jina la fundi linahusiana nini na hili? Nisije nikamtaja mtu hapa ikawa kesi.

Sista Mstaafu
Mwanangu, hatutaki jina la kwenye kitambulisho. Tunataka mkeo anapomsalimia uani anamwitaje. Mjibu binti.

Jiwe Gumu
Baba Neema.

Mama Wawili
😂😂😂 Mungu wangu.

Mnada wa Jumamosi
Wacha nikae vizuri.

Jiwe Gumu
Sioni cha kucheka. Mtoto hasemi "Baba Neema", anasema "baba". Neema hamtaji.

Binti Chimwaga
Kaka, wa miezi 16 wengi bado wanasema neno moja moja. Kuunganisha mawili huja baadaye, mara nyingi kati ya miezi 18 na 24. Anasikia "Baba Neema karibu", "Baba Neema umeme umerudi?", kutwa nzima, na kila mara aliyegeuka ni mtu yule yule. Amechukua alichoweza kukitamka. Mimi ningesema ana masikio mazuri. Swali la pili hujalijibu.

Jiwe Gumu
Kuna dereva wa bajaji aliwahi kumwita. Na picha ya mgombea iliyobaki kwenye ukuta wa duka. Lakini hao ni mara moja moja, fundi ni kila siku. Nyie mnataka kunionyesha mimi mjinga. Mimi nimeshaongea na wakili na barua ya kupima vinasaba iko tayari, inangoja sahihi yangu. Nilichotaka ni kujua kisayansi tu.

Kifuu Tundu
Mgombea naye apimwe. Haki itendeke.

Hesabu Kali
Wakili amekueleza kwamba kwa Mkemia Mkuu huendi na unywele kwenye bahasha? Kuna sheria ya vinasaba ya mwaka 2009, maombi hupitia mahakamani, kwa wakili au ustawi wa jamii. Likishafika huko, mkeo atajua kabla ya majibu, na majibu yakisema mtoto ni wako bado utalala naye nyumba moja ukiwa mtu aliyemshuku.

Jiwe Gumu
Nalijua hilo. Lakini tangu niondoke Nanenane ya mwaka juzi sina amani. Mwanaume akiwa mbali lolote linatokea, msijifanye hamjui. Mama yangu pia ananiunga mkono.

Hesabu Kali
Subiri. Umeondoka? Wapi?

Leo ni Machi. Mtoto ana miezi 16, kwa hiyo kazaliwa Novemba mwaka juzi. Wewe unasema umeondoka Nanenane mwaka juzi, Agosti. Posti ya kwanza unasema siku anazaliwa ulimbeba akakushika kidole. Ulimbeba kwa bluetooth? Na "nimeshuhudia kwa macho yangu", ukiwa wapi?

Wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga. Tena haina tangawizi.

Mnada wa Jumamosi
Nilishangaa mapema. Fundi geti, mgombea ukutani, mama mzazi anamuunga mkono. Imekamilika mno. Hawa ndio wanaoandika kumi kwa siku.

Kifuu Tundu
Leteni maandazi.

Mzee wa Mvumi
Nimepoteza bando langu kwa mwongo. Hii ndiyo dunia mliyoichagua.

Mama Wawili
Hata kama ni chai, mimi nimenywa. Lakini mtoa mada rudi utujibu, tusikuhukumu bure.

Jiwe Gumu
Siyo chai. Niko mgodini huku Kahama. Niliondoka mimba ikiwa ya miezi sita kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imeisha na Dodoma sikuwa na kibarua. Kumbeba siku anazaliwa sikumbeba, nilitumiwa picha. Nilimbeba Pasaka, na tena Krismasi, ndipo nilipoona lile la fundi. Nikimsogelea mtoto, yeye ananikimbia anajificha kwenye kanga ya mama yake.

Sikusema mwanzoni kwa kuwa najua mngeniambia "rudi nyumbani". Kurudi nyumbani nikale nini? Mke anataka hela ya kliniki, hela ya uji, anataka na mimi niwepo. Nyie mnaokaa Area D mnaona rahisi.

Hesabu Kali
Umeacha mimba ya miezi sita, halafu unataka kupima kama mtoto ni wa jirani? Hiyo barua isome tena polepole. Lakini sawa, ya chai naiondoa. Pole kwa kibarua.

Sista Mstaafu
Mwanangu, nimefanya kazi ya kliniki ya watoto hadi nikastaafu, na kuna jambo akina mama wanalijua bila kusoma. Mtoto anayeita kila mnyama "mbe", ukimwekea picha ya mbuzi na ng'ombe ukamwambia "ng'ombe yuko wapi?", wengi wanaonyesha ng'ombe. Anajua zaidi ya anachosema.

Binti Chimwaga
Shikamoo Sista, na limepimwa kabisa. Thomson na Chapman, 1977: baadhi ya watoto waliokuwa wakitumia neno moja kwa vitu vingi, walipoulizwa waonyeshe, walichagua kile kilicho sahihi. Mdomo ulipitiliza, kuelewa hakukupitiliza.

Sista Mstaafu
Marahaba. Basi fanyeni hivi. Achukue mtu picha tatu: ya kwako, ya fundi, ya mwanaume mtoto asiyemjua. Ziwekwe mbele yake, aulizwe "baba yuko wapi?" bila kumwelekeza kwa macho. Zibadilishwe nafasi, aulizwe tena siku nyingine. Huo si mtihani wa damu, usiuchanganye. Utakuambia tu neno hilo kichwani mwake limekaa wapi.

Jiwe Gumu
Nitamwomba mdogo wangu wa kike, anakaa pale. Mke simwambii.

Mama Wawili
Yaani picha ya fundi wifi atamwomba fundi mwenyewe? "Shikamoo Baba Neema, naomba nikupige picha, kaka anataka kukulinganisha." 😂

Mnada wa Jumamosi
Beberu bado sijajibiwa.

Jiwe Gumu
Nimerudi. Dada yangu amefanya jana jioni na leo asubuhi. Picha hakuzijali, moja aliitafuna. Alipoulizwa "baba yuko wapi?" alikwenda moja kwa moja kwenye meza, akachomoa simu kwenye chaji na kumletea. Mara zote mbili. Leo akaiweka sikioni kabisa.

Kwa hiyo mimi ni simu?

Kifuu Tundu
Heri yako. Mgombea alikaribia kukushinda.

Binti Chimwaga
Kaka, mtoto hakukosea. Kila jioni simu ikilia anaambiwa "baba huyo, ongea na baba". Kitu anachokiona, anachokishika, chenye sauti yako ndani, ni simu. Amepanga vizuri kwa alichopewa. Ukitaka alipange upya mpe kingine cha kupangia: simu ya video badala ya sauti tupu, uso wako uonekane, mwimbie, mama yake akuguse kwenye kioo akisema baba. Na ukifika usimrukie kumbeba. Kaa chini, mwache aje.

Jiwe Gumu
Bando la video nani analipa? Haya. Nimekata siti ya basi la Ijumaa, nashuka Nanenane stendi asubuhi. Barua ya wakili sijaichana lakini sahihi sijaweka. Mke hajui kama naja.

Kifuu Tundu
Usimwambie. Fumania.

Mama Wawili
Mwambie, apike. Mwanaume ametoka Kahama usiku kucha halafu akute ugali wa jana, hapo ndipo ndoa inakufa kweli.

Mzee wa Mvumi
Na ukifika kamsalimie huyo fundi. Amekubebea mtoto.

Jiwe Gumu
Kumsalimia nitaona.

Mpita Njia wa Bahi
Samahani kuingilia uzi wa watu. Wa kwangu ana miezi 20, hana neno hata moja, hata la kukosea. Wakwe wanasema wavulana huchelewa. Nisubiri?

Sista Mstaafu
Huyo ndiye wa kuwahi. Akitaka kitu anakuonyesha kwa kidole? Ukimwita kwa nyuma bila kukuona, anageuka? Kesho asubuhi nenda kliniki uombe apimwe masikio, na hayo ya wavulana huchelewa uyaache kwa wakwe.

Mpita Njia wa Bahi
Kidole haonyeshi. Ananishika mkono ananivuta.

Sista Mstaafu
Usisahau kuwaeleza na hilo. Nenda na kadi yake.