Naomba ushauri: iMac tatu za mtumba, ipi inafaa kazi ya kadi na picha?

Kadi za Majengo:
Wakuu, habari za humu. Nina kibanda cha kadi za harusi, picha za pasipoti na mabango madogo hapa Majengo, Dodoma. Kompyuta yangu ya mezani ni ya kuungaunga, na juzi umeme ulikatika nikiwa katikati ya kadi 200 za sendofu. Ulivyorudi, mashine haikuwaka. Bibi harusi yupo kwenye benchi ananiangalia. Sitaki yanikute tena.

Nimeona iMac tatu (zile kompyuta za mezani za Apple, mashine ipo ndani ya kioo), bajeti yangu ni milioni moja na laki nne, tena ni mkopo wa kikoba:

Ya kwanza, inchi 21.5 ya mwishoni mwa 2015, i5 (aina ya prosesa, yaani ubongo wa mashine), RAM (kumbukumbu ya kazi) 8GB, diski 1TB: laki nane na nusu.
Ya pili, inchi 27 ya mwishoni mwa 2013, i5 ya 3.2GHz, RAM 8GB, diski 1TB: laki tisa.
Ya tatu, inchi 27 ya 5K (kioo chenye nukta nyingi sana), mwishoni mwa 2015, i5 ya 3.2GHz, RAM 8GB, Fusion Drive 1TB: milioni moja na laki tatu.

Mume wangu anasema nichukue ya kwanza, kwa kuwa ni mpya kuliko ya pili na zote ni i5. Natumia Photoshop na Illustrator kutwa nzima. Naombeni mnisaidie.

Fundi Nkuhungu:
Dada, hapo kwenye "zote i5" ndipo watu wanapoumia. Inchi 21.5 za mwishoni mwa 2015 zilitoka za aina tatu, na zote muuzaji anaziita "i5, 8GB". Ya chini kabisa ina prosesa ya 1.6GHz yenye kori mbili tu (kori ni sehemu za prosesa zinazogawana kazi). Ya kati ni 2.8GHz yenye kori nne. Ya juu ni 3.1GHz, kori nne, na kioo cha 4K. Kwa nje ya chini na ya kati huwezi kuzitofautisha.

Nenda ukaiwashe. Bonyeza alama ya tufaa kona ya juu kushoto ya kioo, fungua mstari wa kwanza, usome prosesa. Ukiona 1.6, iache. Ukiona 2.8, bado kuna shida: RAM ya inchi 21.5 za mwaka huo imechomelewa kwenye bodi. Ikiwa 8GB, utakufa na 8GB.

Mzabibu:
Mimi ningechukua ya 2013, inayobaki ninunue SSD (diski ya kasi isiyozunguka). Kori nne, kioo kikubwa, RAM inaongezwa hadi 32GB. Ninayo nyumbani Kisasa, haijawahi kunisumbua.

Fundi Nkuhungu:
Mkuu, ni mashine nzuri kweli, sikatai. Ila mfumo wake wa Apple unaishia macOS Catalina ya 2019, na programu za usanifu zinaendelea kuikimbia. Ile ya tatu, ya 2015, inafika Monterey ya 2021. Nayo ni ya zamani, lakini kwa mtu anayelipa mkopo hiyo miaka miwili ina maana.

Halafu hiyo SSD, usiruhusu mtu afungue kioo. Kuanzia za 2012 kimebandikwa kwa gundi. Mwaka juzi nilifungua moja mlango wa kibanda ukiwa wazi, upepo wa mwezi wa nane ukaleta vumbi jekundu, nikalala saa saba usiku nasafisha kwa brashi. Nilimrudishia mteja hela yake. Tumia SSD ya nje kwenye tundu la USB 3, weka mfumo humo, iwake kutokea humo.

Dada, na hiyo Fusion Drive isikutie moyo sana. Za 1TB za mwishoni mwa 2015 zina kipande cha SSD cha 24GB tu, iliyobaki ni diski ya kuzunguka.

Picha Area C:
Kwa kazi ya rangi hata mimi nasema ya tatu, kioo chake kinaonyesha rangi nyingi kuliko hizo nyingine. Ila kabla hujalipa, fungua picha nyeupe tupu ijaze kioo na uiache dakika 20. Tazama kingo zote nne. Baadhi ya hizo 5K huwa na wekundu wa waridi pembeni, na ukiwa nao utakuwa unarekebisha ngozi za watu kwa kubahatisha.

Kadi za Majengo:
Nimerudi na mrejesho. Ya kwanza imeandikwa 1.6 kama fundi alivyosema. Mume wangu aliisoma mwenyewe, akanyamaza.

Ya tatu kingo ni nyeupe safi. Tulichomoa waya wa umeme, kijana akabonyeza kitufe kilichojificha juu ya tundu la waya, kifuniko cha RAM kikafunguka: vipande viwili vya 4GB na nafasi mbili tupu. Muuzaji ameshuka hadi milioni moja na laki mbili. Laki mbili zinazobaki nianze na nini, SSD au RAM?

Fundi Nkuhungu:
UPS, dada, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Hizi hazina betri ndani, umeme ukikatika umerudi kwa yule bibi harusi. Ikibaki hela, SSD. RAM weka harusi za Desemba zikishalipa.